Nani anaamua, na saa ipi inalipwa

Mpe mhitimu wa shahada ya mahusiano kazini karatasi tatu: mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) wa kurasa 40, hati ya malipo ya mfanyakazi wa zamu, na masharti ambayo dereva wa programu ya simu huyakubali kwa kubonyeza mara moja. Mwulize mambo mawili tu. Katika kila karatasi, nani mwenye kauli ya mwisho? Na katika saa zote ambazo mtu huyu ameziacha kazini, zipi zinalipwa? Wengi watajibu kwa fasili. Watakueleza kwamba Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilianzishwa 1919, kwamba Mkataba namba 87 wa 1948 unalinda uhuru wa kuunda na kujiunga na vyama vya wafanyakazi au vya waajiri, na kwamba namba 98 wa 1949 unalinda majadiliano ya pamoja. Yote ni kweli na lazima yajulikane, ila swali limebaki palepale.

Mabadiliko ya ulimwengu wa kazi hayajaleta maswali mapya kiasi tunachoambiwa. Maswali ni hayohayo mawili, na kilichobadilika ni mahali majibu yanapofichwa. Anayesomea fani hii leo anahitaji kujua kuyafukua, na sehemu kubwa ya kufukua huko ni kusoma hati kwa jicho la shaka na kupiga hesabu.

Mitaala mingi bado imejengwa juu ya picha ya kiwanda: mwajiri mmoja, lango moja, king'ora cha asubuhi, chama kimoja mezani. Picha hiyo ilipata nadharia yake mwaka 1958, mwanauchumi wa Marekani John Dunlop alipoeleza mahusiano kazini kama mfumo wenye wahusika watatu, yaani menejimenti, wafanyakazi na vyama vyao, na vyombo vya serikali, wanaotunga kanuni za mahali pa kazi huku wakibanwa na teknolojia, soko na mgawanyo wa nguvu katika jamii. Nadharia hiyo inadharauliwa kuliko inavyostahili. Ina pengo moja linalotuhusu: inachukulia kwamba mwajiri anajulikana. Siku hizi kumtafuta mwajiri ni nusu ya kazi.

Chukua msafishaji wa ofisi aliyeajiriwa kupitia kampuni ya wakala. Mshahara anaupata kwa wakala, lakini ghorofa ya kuanzia, muda wa kumaliza na dawa ya kutumia anaelekezwa na mteja mwenye ofisi. Chama kikiwa na dai la nyongeza kinakaa na wakala, kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye mkataba wa ajira. Sasa tazama hesabu. Tuseme mteja anamlipa wakala 100 kwa kila saa ya kazi. Kati ya hizo, 80 ni mshahara na michango ya hifadhi ya jamii, 12 ni usimamizi na vifaa, 8 ndiyo baki. Nyongeza ya asilimia 10 kwenye ile 80 ni 8. Baki imekwisha. Wakala atasema hana, na safari hii hadanganyi. Mwenye nacho hayupo mezani.

Bei ilishafungwa siku ya zabuni, kwa hiyo dai linalokuja katikati ya mkataba wa huduma limechelewa hata likiwa la haki. Wanaojua kazi hii huuliza kwanza tarehe ya kuisha kwa mkataba kati ya wakala na mteja, kisha hupeleka dai kabla nyaraka za zabuni mpya hazijatoka, na humwelekezea mteja: kiwango cha chini cha mshahara kiandikwe kwenye masharti ya zabuni, pamoja na kifungu cha kuwachukua wafanyakazi waliopo wakala akibadilika. Wasiojua husaini nyongeza, wanashangilia, na miezi miwili baadaye kazi ya watu tisa inafanywa na wanane, saa za kila mmoja zimepunguzwa, na malipo ya mwezi yamerudi yalipokuwa. Kiwango cha saa kimepanda, mfuko haujaona kitu.

Kwenye kazi za majukwaa ya kidijitali, yaani zile zinazopatikana kupitia programu za simu, mambo ni magumu zaidi, maana huko mwajiri anakana kwamba ni mwajiri. ILO ililiona tatizo hili kabla ya simu janja kuenea. Pendekezo namba 198 la 2006 linasema uwepo wa uhusiano wa ajira uamuliwe kwanza na ukweli wa jinsi kazi inavyofanyika na mtu anavyolipwa, hata kama wahusika wameuita uhusiano huo jina jingine. Linataja dalili za kuangalia: kazi inafanywa kwa maelekezo na udhibiti wa mwingine, mfanyakazi ameunganishwa katika shughuli za taasisi, lazima aifanye yeye mwenyewe, vifaa vinatolewa na anayetaka kazi, malipo ni ya vipindi na ndiyo tegemeo kuu la kipato, hasara ya kibiashara haimwangukii yeye.

Kosa la wanafunzi ni kuzihesabu dalili hizi kama kura. Dereva ana gari lake, simu yake, anaingia kazini saa anayotaka: tatu kwa mbili, basi ni mkandarasi huru. Dalili hazina uzito sawa. Mtu anayemiliki gari lakini hawezi kupanga nauli amebeba gharama ya biashara bila kuwa na biashara yenyewe.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya Februari 2021 katika shauri la Uber, kampuni ya usafiri wa programu ya simu, na dereva Aslam inafaa kusomwa kwa ukamilifu, tena kwa kalamu mkononi. Mkataba ulisema madereva ni wafanyabiashara huru wanaowahudumia abiria, na kampuni ni wakala tu wa kupokea oda. Mahakama ilikataa kuanzia kwenye maandishi ya mkataba, kwa sababu aliyeyaandika ni upande uleule ambao sheria ya kazi imekuja kuudhibiti. Ikatazama mambo matano. Nauli inapangwa na kampuni. Masharti ya mkataba yanapangwa na kampuni na dereva hayajadili. Dereva akiwa hewani, yaani amewasha programu, uhuru wake wa kukataa safari unabanwa kwa kufuatilia kiwango chake cha kukubali na kumtoa hewani akikataa mara nyingi. Utendaji wake unadhibitiwa kwa nyota za abiria zinazoweza kumfukuzisha. Na mawasiliano yake na abiria yamewekewa mipaka ili wasijenge uhusiano nje ya programu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji msimamizi wa kusimama na filimbi.

Jambo moja hupotoshwa kila hukumu hii inaposimuliwa. Madereva hawakutangazwa kuwa waajiriwa kamili. Sheria ya Uingereza ina kundi la kati, na humo ndimo walimowekwa: wanapata kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, lakini hawapati kinga yote ya mwajiriwa, kwa mfano dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Anayebeba hukumu ya nchi moja na kuibwaga kwenye nchi isiyo na kundi hilo la kati atakosea kabla hajaanza.

Zoezi ambalo kila kozi ingepaswa kulitengea wiki nzima ni hili. Gawa ukurasa safu mbili: mkataba unasema nini, na kinatokea nini. Kisha pitia maswali kwa mpangilio. Nani anapanga bei, na nani anaweza kuibadilisha bila kumwuliza mwenzake? Ukikataa kazi mara tatu mfululizo, nini kinafuata? Mteja ni wa nani: unaweza kumpigia wewe mwenyewe kesho? Nani anaweza kukutoa, kwa notisi ya muda gani, na rufaa inakwenda wapi? Rekodi za saa na mapato yako zinakaa kwa nani? Safu ya pili usiijaze kwa kumsikiliza meneja peke yake wala mfanyakazi peke yake. Omba picha za skrini, ujumbe wa onyo, taarifa za malipo za wiki nne mfululizo. Wiki moja haitoshi, kwa kuwa itaangukia kwenye msimu wa neema au wa njaa.

Tuje kwenye saa. Mkataba namba 1 wa ILO, wa 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na kwa miongo mingi ubishi ulikuwa juu ya idadi. Sasa ubishi umerudi hatua moja nyuma: saa ni nini?

Dereva amekuwa hewani saa 10. Kati ya hizo, saa 6 ana safari. 4 anasubiri au anarudi bila abiria. Amekusanya 600. Mafuta, data, matengenezo na uchakavu wa gari vinakula 180. Kampuni itatangaza kwamba madereva wake wanapata 100 kwa saa, yaani 600 kugawa kwa 6. Dereva amebakiwa na 420 kwa saa 10, sawa na 42. Namba zote mbili zimetoka kwenye siku ileile, na hakuna aliyeghushi. Tofauti yote imo katika kigawanyo na katika kutoa au kutotoa gharama.

Kigawanyo hicho ni siasa kamili. Huko California, Marekani, wapiga kura walipitisha Pendekezo namba 22 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaliacha lisimame mwaka 2024. Linawahakikishia madereva asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, jambo linalosikika kama ukarimu hadi uone kwamba ni kwa muda wa safari tu, tangu kukubali oda hadi kuimaliza. Kwa dereva wetu, saa 6 mara 1.2 ni saa 7.2 za kima cha chini, nazo zimetandazwa juu ya saa 10. Ni asilimia 72. Kuna pia fidia ya gharama za gari kwa kila maili, ambayo hapa tumeiweka kando. Mahakama ya Uingereza ilikwenda njia nyingine: saa zinaanza dereva akiwa amewasha programu, yuko ndani ya eneo lake la leseni, na yu tayari kupokea safari. Kati ya tafsiri hizi mbili kuna pesa nyingi kuliko katika mgomo wowote wa nyongeza ya asilimia tatu.

Maofisini saa imevunjika kwa namna yake. Ufaransa ilianza kutekeleza haki ya kuzima simu baada ya kazi Januari 2017, lakini sheria yenyewe haikutaja saa ya kuzima. Ilitaka jambo hilo liingizwe kwenye majadiliano ya ndani ya kampuni. Ndiyo maana kunukuu sheria hiyo bila kusoma makubaliano ya kampuni husika hakusaidii kitu.

Sehemu ambayo vyuo huiogopa zaidi ni gharama za makubaliano. Mjadili asiyeweza kupiga hesabu ya dai lake mwenyewe atategemea hesabu ya upande wa pili, na upande wa pili una ofisi nzima ya fedha.

Weka mfano mdogo. Wafanyakazi 300, wastani wa mshahara wa msingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 3,600,000. Malipo ya saa za ziada ni asilimia 15 ya hapo, yaani 540,000. Mwajiri anachangia hifadhi ya jamii asilimia 10 ya vyote viwili, 414,000. Jumla ya mzigo ni 4,554,000. Chama kinadai asilimia 6. Mshahara wa msingi unapanda kwa 216,000, saa za ziada kwa 32,400 kwa kuwa zinakokotolewa kutoka mshahara huo, michango kwa 24,840. Nyongeza yote ni 273,240. Sasa tega sikio: menejimenti itachukua 273,240, iigawe kwa 3,600,000, iseme dai lenu halisi ni asilimia 7.6. Wamechukua nyongeza ya mzigo mzima na kuigawa kwa sehemu ya mzigo. Ukiigawa kwa 4,554,000 unapata asilimia 6 kamili. Hila hii hupita katika vikao vingi kwa sababu kila namba iliyomo ni sahihi.

Chama nacho kina hila zake. Nyongeza ikianza Julai badala ya Januari, mwaka huu inagharimu 136,620 tu, na mjadili ataiuza hivyo kwa mwajiri mwenye bajeti ngumu. Mwaka unaofuata mzigo kamili unaingia pamoja na dai jipya juu yake. Kwa upande mwingine, mwajiri hupenda kutoa malipo ya mkupuo mmoja. Mkupuo wa 720 kwa mtu wa mshahara wa 1,000 unalingana na asilimia 6 ya mwaka mzima, na wanachama huupenda kwa kuwa unaonekana. Lakini haujaingia kwenye msingi. Mwaka wa pili na wa tatu mfanyakazi anakosa 720 nyingine kila mwaka, na siku ya kiinua mgongo hesabu inafanywa juu ya mshahara ambao haukupanda kamwe.

Kuhusu asilimia dhidi ya kiasi sawa kwa wote: 60 kwa kila mtu inagharimu 216,000 ileile ya mshahara wa msingi, ila kwa anayelipwa 500 ni asilimia 12 na kwa anayelipwa 2,000 ni asilimia 3. Hapo mgogoro unahamia ndani ya chama chenyewe. Mafundi wenye ujuzi wataona pengo lao na vibarua linafutwa. Ndiyo sababu mjadili mzuri hutumia muda mwingi akijadiliana na watu wake kuliko na mwajiri, na makubaliano mengi hufia kwenye mkutano wa wanachama baada ya kupeana mikono mezani. Dawa yake ni kuandika ridhaa mapema: chini ya kiwango gani hatusaini, kipi tunaweza kubadilishana na kipi, nani ana mamlaka ya kusaini.

Halafu mfumuko wa bei. Nyongeza ya 6 wakati bei zimepanda kwa 8 haimaanishi hasara ya 2 kamili, 1.06 kugawa kwa 1.08 ni 0.981, hasara ya karibu 1.9. Tofauti ndogo, lakini zoea la kugawa badala ya kutoa ni la lazima, kwani bei zikipanda kwa kasi njia ya kutoa inapotosha vibaya. Mkataba wa miaka mitatu wa namna hiyo unaondoa karibu asilimia 5.5 ya uwezo wa mshahara, na hakuna aliyekatwa chochote kwenye hati yake.

Neno fupi juu ya takwimu, kwa sababu kuzichanganya kunaharibu tasnifu nyingi. Uanachama wa vyama na idadi ya wanaolindwa na mikataba ya pamoja ni vitu viwili. Ufaransa na Marekani zote zina wanachama karibu mmoja katika kila wafanyakazi kumi. Nchini Ufaransa mikataba inawafikia zaidi ya wafanyakazi tisa katika kumi, kwa kuwa serikali hupanua makubaliano ya sekta yawabane na waajiri ambao hawakusaini. Marekani, ambako mkataba hupatikana kila mahali pa kazi kivyake, wanaolindwa wanazidi wanachama kwa kiasi kidogo tu. Anayetumia uanachama peke yake kupima nguvu ya vyama atahitimisha kwamba nchi hizo mbili zinafanana.

Limebaki swali la nani anaamua pale uamuzi unapotoka kwenye algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta huzifuata kuamua. Wengi huanza vibaya kwa kudai waonyeshwe algoriti yote. Kampuni itajibu ni siri ya biashara, na hata ingeitoa, mezani hakuna wa kuisoma. Hispania mwaka 2021 ilichagua njia yenye manufaa zaidi: pamoja na kuwachukulia wanaosambaza bidhaa kupitia majukwaa kuwa waajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, iliwapa wawakilishi wa wafanyakazi haki ya kujulishwa vigezo, kanuni na maelekezo ya mifumo inayoathiri masharti ya kazi na ajira. Vigezo vinaweza kujadiliwa. Dai linaloeleweka huuliza: data gani zinakusanywa, ipi inapunguza zamu, ipi inapunguza malipo, alama ikishuka inachukua muda gani kupanda, ugonjwa au ajali inahesabiwaje, nani ana uwezo wa kufuta uamuzi, na kwa siku ngapi.

Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, waliogoma siku 148 mwaka 2023, walikuwa makini zaidi ya walivyosifiwa. Hawakudai akili unde (AI) ipigwe marufuku. Walifunga mlango kwenye tafsiri za mkataba: maandishi ya akili unde hayahesabiwi kuwa kazi ya fasihi, kwa hiyo hayawezi kutumika kumpunguzia mwandishi malipo na sifa yake, kampuni haiwezi kumlazimisha kuitumia, na ikimpa maandishi yaliyotoka humo lazima imwambie. Kifungu cha tafsiri, kile ambacho wanafunzi hukiruka kwenda kwenye jedwali la mishahara, ndicho kilichobeba ushindi.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo wa kazi za majukwaa mwaka 2024, na nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuuingiza kwenye sheria zao. Unataka uamuzi wa kumzuia, kumsimamisha au kumwondoa mtu kwenye jukwaa ufanywe na binadamu. Ni hapa ambapo mtafiti asiridhike na jibu la ndiyo au hapana. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ya Amsterdam ilipochunguza madereva waliofungiwa akaunti, iliona ushiriki wa binadamu katika baadhi ya maamuzi hayo haukuwa zaidi ya ishara. Kwa hiyo ombeni namba tatu kwa kila mwezi: majalada mangapi yamepitiwa, na watu wangapi, na mangapi uamuzi wake uligeuzwa. Mkaguzi mmoja mwenye majalada 400 katika zamu ya saa 8 isiyo na mapumziko ana sekunde 72 kwa kila jalada, ikiwemo kulifungua.